Kwetu ni wapi? Mgomba wa Walungu na mabao ya Kadutu

Wazee wetu walisema: «Mkataa kwao ni mtumwa.» Methali hii tumeifundisha miaka mingi katika somo la uraia na maadili. Wanafunzi wanaiandika katika daftari, wanapiga mstari chini yake kwa rula, tunapita kwa ingine. Lakini siku moja mtoto mmoja wa nyuma kabisa aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, na mutu mwenye hajue kwao ni wapi, yeye tunamwita namna gani?» Darasa lilicheka. Sisi pia tulicheka, tukafuta ubao, tukaendelea. Jibu hatukuwa nalo.

Ndugu wa chama walipotuomba tuandike kitu juu ya mila zetu, wengine walichagua ndoa, wengine ngoma, wengine kazi ya chuma ya wazee wa zamani. Sisi tulikumbuka lile swali. Tunaoandika kurasa hizi ni mwalimu wa sekondari hapa Bukavu. Diploma yetu tuliipata ISP, upande wa historia. Tulizaliwa Kadutu mwaka 1980, na asili yetu ni teritwari ya Walungu, sheferi ya Ngweshe. Msomaji wa hapa kwetu amekwisha kuona kwamba katika sentensi moja tumetaja fasi mbili. Ndiyo habari yenyewe tunayotaka kueleza.

1. Mstari wa bic nyekundu

Kila mwanzo wa mwaka wa shule, mwalimu msimamizi wa darasa anagawa fishi. Mwanafunzi anaandika jina, mahali na tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi. Halafu inakuja sehemu ya asili: kijiji, grupema, sheferi, teritwari, jimbo. Hapo ndipo kalamu za watoto wa mjini zinasimama. Mmoja anamwangalia mwenzake. Mwingine anaandika «Kadutu» kwenye mstari wa kijiji, au «Panzi», au «Bagira».

Sisi tulikuwa tunachukua bic nyekundu na kukata. Tulisema: «Hapo ni ulizaliwa. Sikuuliza ulizaliwa wapi, nimeuliza kwenu ni wapi. Uende uulize baba yako.» Kesho yake mtoto anarudi na jina la kijiji lililoandikwa vibaya, jina ambalo mdomo wake haujalizoea. Tulikuwa tunaridhika. Tulifanya hivyo karibu miaka 18, na tulidhani tunalinda mila.

Mwezi wa 9 mwaka 2022, binti yetu, ambaye alikuwa na miaka 12, alirudi kutoka shule yake na fishi mkononi. Mwalimu wake naye alikuwa amekata neno Kadutu kwa bic nyekundu. Mtoto alisimama mbele ya meza tukiwa tunasahihisha kazi, akasema:

«Papa, mwalimu anasema Kadutu haiko kijiji. Sasa kwetu ni wapi?»

Tukamjibu haraka, kama tunavyojibu darasani: «Kwetu ni Walungu. Si unajua?»

Akafikiri kidogo, akauliza: «Ni kule kwenye tunaendaka kulia?»

Tulinyamaza. Tulihesabu moyoni. Mtoto huyu alikuwa amefika kijijini mara tatu katika maisha yake, na mara zote tatu ilikuwa kilio. Kwake yeye Walungu ilikuwa fasi ya kaburi, ya mama zake wakubwa wenye kujitupa chini, na ya mvua. Tulikuwa tumemwachia jina la kijiji bila kitu ndani.

2. Kalinzi na bwasa

Kwa vijana wasiojua, tueleze kidogo namna udongo unavyokaa katika Bushi.

Zamani udongo wote ulikuwa mikononi mwa mwami, na chini yake machifu wa vilima. Mtu aliyetaka fasi ya kukaa alipeleka kitu kwa chifu: ng'ombe, au mbuzi, kufuatana na uwezo wake na ukubwa wa shamba. Kitu hicho na haki iliyotoka ndani yake vinaitwa kalinzi. Mwenye kalinzi hakununua udongo kama mtu anavyonunua sukari. Aliingia katika masikilizano. Alipewa fasi, naye alimtambua aliyempa. Akifa, watoto wake wanaume wanaendelea. Ni jambo la nyumba na nyumba, na mashahidi wako.

Kando ya kalinzi iko bwasa. Hiyo ni kukodi kwa muda, kwa msimu mmoja au mwaka. Mwenye bwasa analima maharagi, mtama, viazi, anavuna, anarudisha shamba. Lakini hana ruhusa ya kupanda mgomba. Mgomba unakaa miaka na miaka, na mtu aliyepanda mgomba ni kama amesema: hapa sitoki. Kwa hiyo ukipita katika vilima vyetu na kuona nyumba imezungukwa na migomba, ujue mwenyewe hayuko mpita njia.

Tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973, sheria ilitoka ikisema kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali. Darasani tunaifundisha. Kilimani kwetu hatukumbuki mtu aliyekuja kuisoma. Watu waliendelea kuuliza wazee: huyu babu yake alitoa nini, na nani alikuwako?

Tate yetu, baba ya baba, alitoa ng'ombe jike mmoja. Wazee wa kilima wanajua mpaka rangi yake. Ndiyo shamba lililotuzaa: upande wa juu migomba na nyumba, upande wa chini muhogo na maharagi, na katikati ya migomba makaburi.

Tate mwanamke alikuwa na desturi yake. Kitovu cha kila mjukuu aliyezaliwa pale alikizika chini ya mgomba. Sisi tulizaliwa mjini, katika nyumba ya uzazi, na kitovu chetu hakuna anayejua kilitupwa wapi. Baba alipotupeleka kilimani mara ya kwanza, tukiwa na miezi mitatu, tate mwanamke aliuliza: «Kitovu kiko wapi?» Baba akakosa la kusema. Basi yule mama mzee alichukua jembe, akang'oa chipukizi, akalipanda nyuma ya nyumba, akasema: «Huyu atakuwa wake.»

Habari hiyo tulisimuliwa mara nyingi. Tulipokuwa wadogo tuliiona kama hadithi ya kuchekesha watoto.

3. Mabao ya Kadutu

Baba alishuka Bukavu mwaka 1969. Mji ulikuwa umeharibika katika vita ya mwaka 1967, wakati askari wa kukodiwa wa Schramme waliuchukua kuanzia mwezi wa 8 mpaka mwezi wa 11. Kazi ya kujenga ilikuwa nyingi, na baba alijifunza uashi. Kwa miaka mingi alijengea watu wengine nyumba za matofali karibu na ziwa. Yeye mwenyewe alijenga nyumba ya mabao Kadutu, kwenye mteremko, ikiezekwa manjanja. Vyumba viwili, baadaye vitatu.

Ambaye hajakaa Kadutu hawezi kuelewa maana ya kukaa pamoja. Ukuta wetu ni ukuta wa jirani. Akiweka mafuta kwenye sufuria, tunajua ni sambaza au ni sombe. Mtoto wake akipigwa, wetu analia. Njia ya kupita ni ngazi za udongo, na mvua ikinyesha tunashikana mikono, maana ukiteleza unafika mpaka kwa watu wa chini. Saa kumi za usiku bidoni zinapangwa foleni kwenye bomba, na mtu akichelewa, mwenzake anasogeza bidoni yake mbele. Wazee wanasema jina Bukavu limetoka katika neno la Kishi lenye maana ya fasi ya ng'ombe. Kwetu Kadutu ng'ombe hana hata fasi ya kugeukia.

Majirani zetu ni Bashi, Balega, Bafuliru, Bahavu, Babembe, Batembo. Ndiyo sababu lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili. Mama alizungumza nasi Kishi asubuhi, na mchana avenyu ilikuwa imekwisha kukifuta. Tulipopanda kijijini likizo, binamu zetu walituchekea. Walituita watu wa mji, na neno hilo halikuwa sifa. Tulikuwa hatujui kushika jembe, na tuliogopa ng'ombe.

Na baba? Baba alikaa Kadutu miaka 52, na mpaka mwisho alisema: «Hapa tuko bwasa.» Parsele aliilipa, karatasi alikuwa nazo ndani ya sanduku, lakini kwake ilikuwa bwasa. Kila alipopata franga kidogo alizipeleka Walungu, kuongeza manjanja ya nyumba ya kule, ambayo alikuwa akilala siku kumi kwa mwaka. Mama alikuwa anamjibu polepole huku akichambua maharagi: «Nimezaa batoto sita kwenye hii bwasa yako.»

4. Kukimbia huku na kule

Watu wanasema kijiji ni amani na mji ni fujo. Wengine wanasema kijiji ni giza na mji ni mwanga. Sisi tumeona mambo yakigeuka mara mbili.

Mwisho wa mwezi wa 10 mwaka 1996, vita ilipoingia Bukavu, tulikuwa na miaka 16. Tulifunga godoro, sufuria na madaftari, tukapanda kwa miguu njia ya Nyantende, tukapita Mugogo, mpaka kilimani. Ni kama kilometa 40. Mama alibeba mdogo wetu mgongoni. Tulipofika usiku, baba mdogo hakuuliza swali hata moja. Aliwaamsha watoto wake, akawahamisha kwenye mkeka mmoja, akasema neno moja tu: «Fasi iko.» Tulikula muhogo na ndizi za lile shamba siku nyingi. Hakuna aliyehesabu tumekula vitungu vingapi.

Miaka iliyofuata, mambo yaligeuka. Watu wenye silaha walitoka msituni, wakawa wanashambulia vijiji vya Walungu usiku, wanaiba ng'ombe, wanateka watu, wanatesa wanawake. Safari hii ni ndugu wa kilimani walioshuka. Baba mdogo aligonga mlango wa mabao asubuhi moja ya mwaka 2003 akiwa na watu tisa nyuma yake. Tulikuwa tayari wanane ndani. Baba aliangalia ile safu ya watu kwenye ngazi, akasogea pembeni ya mlango, akasema: «Fasi iko.» Haikuwa kweli. Usiku watu wengine walilala wamekaa. Lakini lilikuwa neno la kurudisha, na yeye alijua limetoka wapi.

Tunaomba vijana waishike habari hii. Shamba la kijiji lilitulisha juu ya kalinzi ya babu. Mabao ya mji yaliwaficha ndugu zetu juu ya jasho la mwashi. Anayesema kimoja tu ndicho kwao, amesahau usiku mmoja kati ya hizo mbili.

5. Kikohozi cha mzee

Baba aliumwa kuanzia mwaka 2020. Miezi minane ya mwisho hakutoka kitandani. Dada yetu, ambaye alikuwa amerudi nyumbani mwaka 2018 baada ya kufiwa na bwana wake, ndiye aliyemhudumia. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji. Usiku mzima mzee alikohoa, na kikohozi chake avenyu nzima ilikizoea kama saa ya ukutani.

Usiku mmoja wa mwezi wa kwanza 2021, kabla ya kupambazuka, mlango uligongwa. Alikuwa mama jirani wa upande wa kushoto, Mlega, amejifunga kitenge juu ya nguo ya kulala. Alisema: «Sijasikia kikohozi ya muzee tangu saa tisa. Iko muzima?»

Sisi tuliokuwa ndani ya nyumba moja naye tulikuwa tumelala. Dada, baada ya miezi minane, alikuwa ameshikwa na usingizi kwenye kiti. Ni jirani aliyesikia kunyamaza. Tulipoingia chumbani, baba alikuwa ameondoka.

Mama jirani hakungoja kuambiwa. Alirudi kwake, akaleta mkaa wake, akawasha moto wetu. Kulipokucha, turubai ilikuwa imekwisha kufungwa juu ya njia, viti vimekusanywa kutoka nyumba kumi, na mzee wa avenyu ana daftari ya michango mkononi. Balega, Bafuliru, Bahavu, wote waliandika. Hakuna aliyeuliza asili ya mzee kwenye fishi.

Siku ya pili tulimpandisha Walungu, kama alivyotaka. Gari liliacha barabara, tukabeba sanduku kwa mabega mpaka kilimani. Kaburi lilikuwa tayari. Vijana sita walikuwa wamelichimba tangu asubuhi, katikati ya migomba, kando ya tate. Tuliwaangalia: hatukumjua hata mmoja, na wao hawakutujua. Tulimkaribia mmoja tumpe kitu kidogo. Alikataa, akasema: «Huyu ni mutoto wa mwenye alitoa ile ng'ombe.» Alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Ng'ombe mwenyewe alitolewa kabla baba yake hajazaliwa.

Hayo mambo mawili tunayaweka pamoja katika siku zile. Mjini walijua kikohozi chake. Kilimani walijua baba yake ni nani. Mtu anahitaji kujulikana namna zote mbili.

6. Siku tuliyotaka kuuza

Sasa tuseme jambo ambalo si la sifa kwetu.

Mwaka mmoja baada ya kilio, mfanyabiashara mmoja alitafuta shamba upande ule. Alitoa dola 7000. Kaka yetu mkubwa aliita baraza ya familia Kadutu. Alisema maneno yenye akili: mabao yanaoza, moto ukiwaka upande wa juu tutakwisha sote, na hakuna mmoja wetu atakayerudi kulima. Tuuze, tujenge matofali, tulipe masomo ya watoto. Walioafiki waliinua mkono. Sisi, mwalimu wa historia, mwenye bic nyekundu, tuliinua mkono wetu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba. Alisubiri mikono ishuke. Akasema:

«Mukiuzisha, muuzishe na muzee ndani. Yeye hawezi kuhama. Na mumwambie mwenye kununua asilime kwa nguvu pale katikati.»

Hakuna aliyejibu. Halafu mama alimwonyesha dada, aliyekaa karibu na mlango na watoto wake watatu, kama mgeni. Akauliza: «Na huyu, kwao ni wapi?»

Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo fishi zetu hazikuwahi kulionyesha. Dada alipoolewa, sisi tulisema kwao ni kwa bwana. Bwana alipokufa, ndugu za bwana walichukua nyumba, wakamwambia arudi kwao. Aliporudi, sisi tulimpa kona ya sebule, na kalinzi haimjui, maana ni mwanamke. Methali inasema mkataa kwao ni mtumwa. Dada hakuwa amekataa. Yeye alikataliwa, mara mbili.

Tulijaribu kusimama kwa sheria. Tulisema Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haibagui mtoto wa kike katika urithi. Baba mdogo alitusikiliza kwa heshima, akauliza: «Mwana wangu, hiyo sheria inalalaka kwenye kilima gani?» Watu walicheka, na sisi tukakaa chini.

Mama ndiye aliyemaliza. Alimgeukia baba mdogo, akasema: «Shemeji, miezi nane, nani alikuwa anamugeuza ndugu yako kwenye kitanda? Watoto wanaume? Mwalimu?» Baba mdogo aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba kalinzi ni masikilizano, na masikilizano watu wanaweza kuyaongeza.

Hatukuuza. Mwezi wa 8 mwaka 2022 tulipanda kilimani na mbuzi mmoja na pombe ya kasiksi. Ndizi zilikuwa zimeiviswa shimoni na kukamuliwa na shangazi zetu, wakatia unga wa mtama, ikalala siku mbili. Mbele ya chifu wa kilima, baba mdogo na mashahidi, dada alitajwa kwa jina kuwa mtunzaji wa nyumba ya baba yake, yeye na watoto wake. Tuliandika karatasi pia, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kila mmoja akatia sahihi au kidole. Kaka mkubwa hakufurahi. Mpaka leo anakumbusha zile dola 7000, hasa mvua inapopita kwenye manjanja, na hatuwezi kusema hana sababu. Hasara iko, tunaibeba.

Tuseme ukweli pia juu ya mila. Ile iliyomtambua babu yetu kwa ng'ombe mmoja ndiyo iliyomsahau dada. Tukiilinda bila kuitengeneza, tunalinda na ubaya wake. Wazee walikubali kwa sababu tuliingia kwa mlango wao, na mbuzi, na pombe, na mashahidi. Kama tungekuja na karatasi peke yake, pengine wangetuacha na karatasi yetu.

7. Mgomba uliotembea

Likizo ya mwaka 2023, tulimpeleka binti yetu Walungu kwa wiki tatu. Hakukuwa na kilio. Dada alimfundisha kazi. Siku hizi migomba ina ugonjwa wa mnyauko: majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinaoza. Ili kuzuia, ua la dume linalofuata mkungu linavunjwa mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, maana panga linabeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Mgomba ulioguswa unakatwa, na panga linapitishwa motoni kabla ya kukata mwingine. Binti yetu alijua kuvunja maua kuliko sisi. Jioni alikuwa na utomvu kwenye gauni lake jipya, na alikuwa anajivuna.

Siku moja dada alitupeleka nyuma ya nyumba, akatuonyesha shina moja: «Huu ni wako, wa tate.» Tulishangaa, maana tulikumbuka mgomba wetu ulikuwa karibu na ukuta, na huu uko hatua nne mbele. Dada akacheka. Alieleza kwamba mgomba ukizaa unakufa, chipukizi linashika nafasi yake pembeni, na miaka inapopita shina linahama kidogo kidogo. Ni uleule, lakini umetembea.

Binti yetu aliuliza: «Na wangu?» Dada hakusema neno. Alichukua jembe.

Mwaka huo tulijenga ukuta mmoja wa matofali Kadutu, kwa zamu yetu ya likelemba ya walimu. Tulitaka kuanza na upande wa kushoto. Mama alikataa. Alisema upande ule tuache mabao kwanza, ili mama jirani asikie.

8. Fasi iko

Mwezi wa pili mwaka 2025, vita ilipofika tena Bukavu, hatukujua pa kukimbilia. Dada alipiga simu kutoka Walungu mara tatu kwa siku moja: «Mukuje, fasi iko.» Na sisi tulimjibu: «Kama kunaharibika huko, mukuje ninyi, fasi iko.» Hakuna aliyejua upande gani ni salama kuliko mwingine. Njia yenyewe ilikuwa ya hatari, na kila mmoja alibaki pale alipokuwa. Lakini usiku ule mama alilala. Aliamka asubuhi akasema amelala kwa sababu ya lile neno.

Ndugu msomaji, tulianza na swali la mwanafunzi wetu. Baada ya haya yote, tunaweza kujaribu kumjibu. Kwenu ni pale ambapo ukigonga mlango usiku, mtu anasogea na kusema fasi iko, hata kama haiko. Na ni pale ambapo wewe nawe unalazimika kusema hivyo kwa mwingine. Kunaweza kuwa kilimani, kunaweza kuwa kwenye avenyu, kunaweza kuwa kote kuwili. Jina linapatikana kwa karatasi. Neno hilo linatafutwa kwa kutembeleana, kwa kuchanga, kwa kulima, kwa kuzika, na kwa kumkumbuka dada aliyekaa karibu na mlango.

Kwa wazazi tunaomba jambo moja. Msiwapeleke watoto kijijini siku za kilio tu. Wapelekeni siku za ndizi. Na ninyi mnaokaa kijijini, msiwacheke watoto wa mjini kwa sababu ya mdomo wao. Wao nao wamelindwa na kuta za mabao.

Fishi bado tunazigawa kila mwaka, na mistari yake ni ileile. Lakini bic nyekundu tumeiweka. Mwanafunzi akiandika «Kadutu» kwenye mstari wa kijiji, tunamwachia, na tunamwomba ageuze karatasi aandike nyuma: nani atakusikia ukinyamaza, na nani anajua jina la babu yako. Wengine wanajaza upande mmoja tu. Tunawaambia waende nyumbani wakaulize, na safari hii hatuwapi siku moja. Tunawapa mwaka mzima.